Msimbo, nambari au "kodi" ya benki?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akina mama hapa Umoja, Nairobi. Nimetayarisha fomu ya Kiswahili ya kukusanya maelezo ya benki ya wanachama. Penye nafasi ya kutambulisha benki na tawi niliandika "kodi ya benki" na "kodi ya tawi". Mama mmoja akasimama mkutanoni kuuliza kodi hiyo ni ya nini na ilipitishwa lini. Neno sahihi ni lipi? Na je, ni nambari au namba?

JIBU: Huyo mama alikuwa na haki ya kushtuka. Mkazi wa Nairobi akisikia kodi humwaza mwenye nyumba tarehe tano, au KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Neno hilo lina mizigo miwili tayari, na yote inauma. Usiliongezee wa tatu. Andika msimbo, wingi misimbo: msimbo wa benki, msimbo wa tawi.

Wapo wanaofundisha kwamba penye tarakimu tupu tuseme nambari, na penye herufi tuseme msimbo. Sikubaliani nao. Magari yetu yana herufi na tarakimu kwenye bamba, na sijamsikia makanga akitaja "msimbo wa gari". Ni nambari ya gari. Kwa upande mwingine, 68 ni tarakimu tupu, ila katika mfumo wa benki za Kenya husimama mahali pa Equity, kama 01 inavyosimama mahali pa KCB. Tofauti iko hapo. Msimbo hushika nafasi ya jina ambalo lipo tayari. Nambari hukitenga kitu kimoja na wenzake wanaofanana nacho: akaunti yako na akaunti ya jirani, gari hili na lile.

Ukitumia kipimo hicho, mengi yananyooka. Chukua KCBLKENX, ambayo benki hukupa unapotarajia fedha kutoka ng'ambo. Herufi nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, mbili za mwisho zinaonyesha mahali; tawi likitajwa, huongezwa nyingine tatu na jumla kuwa 11. Kila kipande kinawakilisha jina, kwa hiyo ni msimbo wa SWIFT. (SWIFT yenyewe ni shirika, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, ndiyo maana "nipe SWIFT yako" hunichekesha kidogo.) IBAN, yaani nambari ya akaunti ya kimataifa, ni jambo jingine: hiyo ni nambari, kwa kuwa hufika hadi kwenye akaunti ya mtu mmoja. Lakini benki za Kenya haziitumii, basi usiitengee nafasi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika fomu kama yako ni PIN. Wakenya tumevipa jina hilo moja vitu viwili ambavyo havifai kukaa pamoja. Kuna PIN ya KRA, inayoanza kwa herufi A ikiwa ni ya mtu binafsi au P ikiwa ni ya kampuni, zikafuata tarakimu tisa na herufi ya kufungia. Hiyo unampa mwajiri, benki, hata wakili, bila hofu. Kisha kuna PIN ya M-Pesa, tarakimu nne ambazo hata mume hapaswi kuzijua. Ukiandika "PIN" peke yake, mama fulani atajaza ile ya simu kwa nia njema kabisa. Watanzania wametuzidi hapa: wao husema namba ya siri kwa ile ya simu, na namba ya utambulisho wa mlipakodi kwa ile ya serikali. Kwenye fomu andika "nambari ya mlipakodi (PIN ya KRA)". Nambari ya siri isiwe na nafasi popote.

Wengine watakuambia "nambari ya PIN" ni kurudia neno, kwa sababu N ile tayari ni nambari (number). Ni kweli, ila sioni haja ya kugombana. Kiswahili hupenda jina la kutegemeza ngeli.

Zile herufi na tarakimu kumi zinazokuja na ujumbe wa M-Pesa, ambazo mweka hazina wako huzidai kila mwisho wa mwezi, ziite nambari ya muamala. Na ukitaja Paybill, ile njia ya kulipa taasisi kwa M-Pesa, fafanua "nambari ya akaunti" ni ipi, maana kwa mwenye nyumba huwa ni nambari ya nyumba na kwa shule huwa ni ya mwanafunzi.

Nambari au namba? Yote mawili ni sahihi. Shule na magazeti ya Kenya hupendelea nambari, Tanzania namba. Chagua moja, ulishike fomu nzima: nambari hii, nambari hizi, kamwe si "manambari". Na usiseme nambari ya siri ina "nambari nne". Ina tarakimu nne.