Kuonja mvinyo Dodoma kwa siku mbili

Ndugu, umeuliza kama siku mbili za Agosti zinatosha wewe na mkeo kutoka Dar kutembelea viwanda vya mvinyo Dodoma. Zinatosha, na mwezi umeuchagua vizuri. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Agosti hadi Septemba ni msimu mmojawapo, kwa hiyo mtaona matunda yakisindikwa, si mapipa tu.

Pandeni treni ya SGR, kisha kodini gari na dereva wake. Msiendeshe wenyewe, mnakwenda kuonja! Hombolo, eneo la mizabibu nje ya mji, itengeeni siku nzima. Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki, inatosha asubuhi moja. Pigeni simu kabla. Mimi niliwahi kufika mahali bila miadi, mlinzi akanirudishia getini.

Anzeni na mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, kisha mwekundu wa zabibu aina ya Makutupora, mtamu uwe wa mwisho. Kutema mvinyo mliouonja si utovu wa adabu. Kuleni kwanza, jua la kule halina huruma. Pia ulizieni mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujakamilishwa: mkali kidogo, lakini mimi ndio niliourudia.