Kabla hujapaka rangi duka, kaangalie choo

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, mahitaji ya nyumbani nilikuwa nanunua duka moja tu hapa Dodoma. Bei zake zilikuwa juu kidogo, na kutoka Chang'ombe nilipanda daladala mbili kulifikia. Lakini mama mwenye duka alikuwa na choo safi uani, na ukimwomba ufunguo alikupa bila kukuuliza umenunua nini. Sokoni nilikozoea, choo cha kulipia kilikuwa shilingi 200, mlango hauna komeo: unaushikilia kwa mkono, mkoba umeuning'iniza shingoni, na tumbo ndilo hilo. Nilikwenda mara mbili. Ya tatu nikahamisha kapu langu.

Leo nami nauza vitenge na nguo za watoto upande wa Majengo, na kila siku namwona mwanamke yule niliyekuwa. Wateja wangu wengi wanatoka Mpwapwa, Bahi, Kondoa. Wameamka alfajiri, wamekaa kwenye basi, mgongoni kuna mtoto. Mama anaingia, anasalimia "mbukwenyi", anaanza kuchagua doti, mara mtoto anamvuta gauni: "Mama, mkojo." Ukimpa ufunguo, atarudi, atakaa kwenye stuli na kufunua doti ya tatu na ya nne. Ukimwambia "hapa hakuna, jaribu kule mbele", kumbuka kule mbele nako wanauza vitenge.

Tangu kampeni ya Nyumba ni Choo ya mwaka 2017, wengi tumeboresha vyoo vya majumbani. Vya madukani tunasema ni kazi ya mwenye jengo. Kwa mkataba ni sawa, ila mteja hamjui mwenye jengo, anakujua wewe. Sisi wapangaji sita tulikaa tukakubaliana kuchanga kila mwezi, kisha tukamwendea mwenye jengo atukate gharama za ukarabati kwenye kodi. Alikubali nusu. Nusu hiyo ilitosha mlango mpya na sakafu.

Anzeni na maji. Dodoma yetu ni kavu, mvua zenyewe ni za Desemba hadi Aprili hivi, na mgao tunaujua sote. Choo cha kumwaga maji kikikosa maji, bora hata cha shimo. Kwa hiyo marumaru zisubiri, nunueni simtanki kwanza. Letu ni la lita 1,000, na ndani tunaweka pia pipa na kata kwa siku bomba likikauka. Mteja wetu anataka maji, tishu peke yake haimtoshi.

Halafu komeo, taa, sabuni ya kunawia, na ndoo yenye mfuniko ya kutupia pedi. Isipokuwepo, zitaingia chooni na mtaita mafundi wa kuzibua kila mwezi. Msisahau msumari wa kutundikia mkoba. Mwanamke aliyebeba mtaji wake wote hawezi kuuweka chini penye majimaji.

Dada anayesafisha mlipeni vizuri, kwa wakati, na mumnunulie glavu na buti. Nawaomba sana hili. Choo chetu kinasafishwa mara tatu kwa siku, Jumamosi zaidi, na hiyo ni kazi nzito kuliko yangu ya kukunja vitenge.

Kuhusu kutoza, sisi hatutozi. Kwenye masoko makubwa naona 200 ni halali, mradi irudi kwenye maji na sabuni. Kinachomuudhi mtu ni kulipia uchafu.

Juma lililopita mteja wangu wa Kondoa alikuja na wifi yake, mara yake ya kwanza dukani kwangu. Hakumwonyesha vitenge kwanza. Aliniomba ufunguo, akampeleka uani, wakakaa huko kidogo. Waliporudi, wifi alitua mzigo, akavua viatu, akaniomba nimshushie zile doti za juu kabisa.