Jibu: Kulala Juani na watoto, kipi cha kuangalia kwanza

Salaam dada. Nimekuelewa: safari yenu mmeipanga mpaka Kilindoni, Mafia, lakini kuvuka kwenda kisiwa cha Juani na kulala huko siku mbili na watoto ndipo mlipokwama.

Kabla ya chakula na malazi, ulizieni maji kujaa na kupwa. Sisi tulifika Utende, ufukwe wa kupandia mashua za Juani, bahari imeshatoka, tukakaa ufukweni na mizigo mpaka alasiri, mdogo wetu analia njaa. Mpigieni nahodha siku moja kabla, awape saa ya kuvuka. Na mkitaka mashua iwafikishe magofu ya Kua, mji wa kale hapo Juani, maji yawe yamejaa, kwa sababu mkondo wa kuingilia huko hukauka maji yakipwa.

Maji ya kunywa nunueni Kilindoni. Tulibeba lita 20 kwa watu wanne, zikatutosha kwa shida. Pesa taslimu toeni hapo hapo, na vitambulisho msisahau, maana mnaingia eneo la Hifadhi ya Bahari na raia hulipa tofauti na mgeni. Tochi, chandarua, viatu vya kukanyagia matumbawe.

Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti. Tulipojitambulisha kwake ndipo tukapata chumba na mama wa kutupikia samaki na wali wa nazi. Wewe na mabinti chukueni khanga za kutosha, ni kijiji cha Waislamu.

Masika, Machi hadi Mei, msiende na watoto. Kusi likivuma nalo, mashua ndogo hurushwa sana.