CRP ya kawaida haimaanishi kwamba maumivu yamekwisha

Je, mgonjwa wa baridi yabisi anajifanya akisema bado anaumwa ilhali kipimo chake cha damu cha CRP (protini inayoongezeka mwilini kukiwa na uvimbe) kimerudi kawaida? Hapana, kipimo hicho hakithibitishi hivyo. Kipimo hicho huonyesha uvimbe unaoendelea mwilini, wala hakipimi maumivu. Maumivu yanaweza kubaki kwa sababu gegedu na mifupa ya maungio ilikwisha kuharibika kabla dawa za kudhibiti ugonjwa kama methotreksati hazijaanza kufanya kazi, au kwa sababu ubongo na uti wa mgongo, baada ya kupokea ishara za maumivu kwa muda mrefu, huendelea kuzikuza hata chanzo chake kinapopungua. Maumivu ya aina hii ya pili yalipewa jina rasmi na Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu (IASP) mwaka 2017, kwa hiyo si dhana ya mitaani. Usingizi mbovu huyazidisha, nayo huharibu usingizi, ndiyo maana uchovu ni lalamiko la kawaida kwa wagonjwa hawa.

Hata hivyo, CRP ya kawaida haiondoi kabisa uwezekano wa uvimbe. Maungio yakivimba upya, au ugumu wa asubuhi ukidumu zaidi ya saa moja, ni vyema daktari ayapapase kwa mikono yake au ayapime kwa ultrasaundi. Kujiongezea diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, husaidia kidogo sana maumivu ya aina hiyo ya pili, huku tumbo na figo zikiweza kudhurika.