Kabla ya gari la umeme, uwe na luku yako

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimepata Nissan Leaf kwa bei nzuri. Nimepanga Kimara, luku tunachangia watatu. Nichukue?" Ujumbe wenyewe ni mfupi, lakini pale kwenye "tunachangia" nilikwama. Nimeuacha siku mbili bila kuujibu kwa sababu jibu langu ni refu na bado linaniuma.

Mimi gari langu nililipokea mwaka 2022. Ya bandarini na ya usajili nayaruka, kila aliyeagiza gari Japani anayajua. Ni Leaf ya kizazi cha kwanza, betri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya luku), na kwenye dashibodi vile vijiti 12 vya afya ya betri vilikuwa vimebaki 10. Nilikuwa nimepanga Tabata, nyumba ya wapangaji watatu na luku moja. Nafanya kazi Posta, katikati ya Dar. Jioni ya kwanza nimelipaki uani, majirani wametoka kulishangaa, watoto wanauliza mbona halina mlio. Nilijiona nimefika.

Kamba ya kuchajia ilikuja na plagi ya Kijapani. Fundi akaikata, akafunga plagi yetu ya pini tatu, nami nikapitisha ekstensheni dirishani hadi uani. Sehemu iliyobaki niliiacha imejiviringa chini ya kitanda kwa kuwa ilikuwa ndefu. Usiku wa nne nikaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilipowasha tochi ya simu, soketi ilikuwa imeiva, ya kahawia kama maziwa yaliyoshika sufuria. Nilipochomoa plagi, pini moja ilitoka ikivuta uzi laini wa plastiki. Ekstensheni iliyojiviringa ilikuwa ya moto, sikuweza kuikamata. Na juu yake kuna godoro, na juu ya godoro nilikuwa nimelala mimi na mwanangu.

Soketi ya ampea 13 inamudu pasi na birika, vitu vya dakika chache. Gari linavuta ampea 10 kwa saa kadhaa mfululizo bila kupumzika. Hakuna aliyeniambia hilo, wala aliyeniuzia wala fundi aliyekata plagi. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Lakini soketi hainiumi kama kikao.

Miezi michache baadaye mama mwenye nyumba alituita uani. Luku ilikuwa haikai. Mimi nilikwenda na daftari, kwa sababu nilikuwa nimefunga mita ndogo kwenye waya wa gari na kila asubuhi naandika. Uniti 5 kwa usiku, wakati mwingine 4 na nusu. Nikaonyesha kwamba nalipia kila uniti ninayotumia, na zaidi. Jirani wa chumba cha mbele hakulitazama daftari. Akasema mbele ya watoto: "Tajiri gani huyu hana luku yake, anakuja kutunyonya sisi?" Nililia chumbani usiku ule. Kuna watu tulikuwa tunaazimana chumvi, tangu siku ile salamu ikawa ya mbali.

Imenichukua muda kukubali kwamba yule jirani alikuwa na haki, ukiacha lile neno. Nyumba yetu ilikuwa ya balbu, televisheni na friji moja, ikikaa chini ya uniti 75 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo kama huyo alikuwa anauziwa uniti kwa shilingi 100, ambayo ukiongeza kodi na tozo inafika kama 122. Gari langu peke yake lilikuwa linakula zaidi ya uniti 100 kwa mwezi. Tukahamishwa kwenda kundi la juu, ambako uniti moja ni kama shilingi 356. Elfu kumi iliyokuwa inaleta uniti 80 na kitu ikawa inaleta 28. Daftari langu lilikuwa sahihi kwa uniti, lakini nilikuwa nimewapandishia bei majirani zangu hata ya taa ya chooni. Nililipia umeme wangu, sikulipia hasara yao. Hilo nimelisema kwa yule jirani mwaka jana, kwa simu. Alinisikiliza, akaniuliza hali ya mtoto.

Mwanzoni mwa 2023 nilihamia Goba, kwenye nyumba yangu ambayo haikuwa na siling'i wala vigae. Ndugu walinisema, eti nina haraka gani. Nilichokuwa nacho ni luku yenye jina langu. Kabla ya kununua hata kapeti, nilimwambia fundi afukie ethi rodi, yaani nondo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, atoe waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye meinswichi hadi kibandani, wenye breka yake peke yake na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Mafundi wawili walinishauri nipunguze unene wa waya ili kuokoa pesa. Nilikataa. Leo kila nikishika ile soketi saa nane za usiku na kuikuta ya baridi, najisikia vizuri kuliko siku niliyolipokea gari lenyewe.

Goba hadi Posta na kurudi inapita kidogo kilomita 50. Natumia kama uniti 9, yaani shilingi elfu tatu na mia mbili hivi. Gari langu la zamani lilikuwa linakunywa lita 5 za petroli kwa safari hiyohiyo. Piga hesabu mwenyewe kwa bei ya leo ya kituo cha mafuta cha jirani. Ndiyo, inalipa, nami simkatishi mtu tamaa. Betri nayo nitaisema kwa kifupi: Leaf kama yangu haina maji ya kupoza betri, jua la Dar linaimaliza, mimi nimeshapoteza kijiti kimoja. Tafuta kivuli.

Watu wananiambia umeme sasa upo mwingi, tuna Bwawa la Mwalimu Nyerere. Ni kweli. Mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Mimi niliyepitia mgao wa mwishoni mwa 2023, nikiamka saa yoyote umeme uliporudi ili nichomeke gari, nafahamu thamani yake. Lakini umeme wa Rufiji unakufikia kupitia transfoma ya mtaani kwako. Kwetu saa moja jioni umeme unakuwa mdogo, balbu zinafifia, friji inaguguma. Magari kumi yakichomekwa pamoja muda huo ni zaidi ya kilowati 20, na transfoma yenyewe ni ya mtaa mzima. Ndiyo maana nachaji kuanzia saa tano usiku, majirani wakishalala. Wenzetu Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri vya umeme, shilingi 16 zao kwa uniti na nusu yake usiku. Nasi tudai hivyo. Hadi hapo, mwenye gari la umeme asiyemfikiria jirani anatuharibia jina sote. Usichukue starehe yako kwenye mfuko wa mtu anayehesabu uniti.

Sasa, mdogo wangu wa Kimara. Muombe mwenye nyumba kibali cha kufungiwa luku yako, gharama ziwe zako. Akikubali, muite fundi aangalie ethi kabla ya kitu chochote, halafu nitumie picha ya meinswichi ikiwa imefunguliwa mfuniko. Muuza gari mwambie asubiri wiki mbili.