Jiwe la angani linaloitwa Kenya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili amerudi na habari kwamba kuna kimondo kinaitwa Kenya na kingine Uganda. Nani aliyevipa majina hayo? Na hicho cha Kenya hakiwezi siku moja kutuangukia?

JIBU: Marahaba. Mwanao kasema kweli, ila neno moja tulirekebishe. Kimondo ni jiwe lililoingia katika hewa ya dunia, likawaka, pengine likafika chini kama lile la Mbozi, Tanzania. Kenya ni asteroidi, yaani jiwe ambalo bado liko angani: ina upana unaokadiriwa kuwa kilomita 20 hivi, na inalizunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii.

Aliyeigundua ni Cyril Jackson, tarehe 15 Juni 1933, katika kituo cha kuangalia nyota cha Union, Johannesburg. Juni huko ni kipupwe, usiku ni mrefu na anga ni kavu. Enzi hizo asteroidi zilisakwa kwa picha zilizopigwa kwenye vipande vya kioo badala ya filamu: unapiga picha kipande kilekile cha anga mara mbili, kisha unalinganisha. Nyota zote zimetulia mahali pake, doa moja limehama. Kwa asteroidi za ukanda ule, usiku ambao dunia iko kati yake na Jua, mwendo wa siku nzima ni kama nusu tu ya upana wa mwezi mpevu. Inataka macho ya subira.

Jina halikuja hapo. Kwanza ilipewa alama ya muda, 1933 LA, na alama hiyo inasomeka kama cheti cha kuzaliwa. Kila nusu ya mwezi ina herufi yake: A ni Januari 1 hadi 15, B ni nusu ya pili, na kuendelea, isipokuwa I inarukwa isije ikadhaniwa ni namba 1. Hesabu kwa vidole utaona L inaangukia Juni 1 hadi 15. Herufi ya pili ni zamu: A ni ya kwanza kuandikishwa katika nusu hiyo. Uganda, aliyoigundua Jackson siku ileile, ni 1933 LB.

Namba ya kudumu hutolewa njia ya asteroidi ikishajulikana vizuri kiasi cha kuweza kusema kesho na mwakani itakuwa wapi. Kenya ikawa 1278, Uganda 1279. Hapo ndipo mgunduzi hupata haki ya kupendekeza jina, na siku hizi kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndiyo huliidhinisha. Jina haliuzwi, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi jina la nyota kwa cheti.

Sasa njia yenyewe. Umbali wa dunia na Jua, kilomita milioni 150, tuuite kipimo 1. Umbali wa wastani wa Kenya ni 2.4. Mpe mwanao kalamu: 2.4 × 2.4 × 2.4 ni karibu 13.8, na kipeuo cha pili chake ni 3.7. Hiyo ndiyo miaka inayotumia kulizunguka Jua mara moja, kwa kanuni ya mwanaastronomia Kepler. Kila nikiifanya hesabu hii ubaoni nafurahi upya, maana jibu linakubaliana na kinachopimwa kwa darubini.

Njia hiyo si duara kamili, ni duaradufu iliyorefuka: Kenya hukaribia Jua hadi 1.8, kisha hujitenga hadi 3.0. Mirihi inapokuwa mbali zaidi na Jua hufika 1.67, kwa hiyo Kenya haiivuki hata njia ya Mirihi, sembuse yetu. Haitukaribii chini ya kilomita milioni 100, zaidi ya mara 250 ya umbali wa Mwezi.