Sheikh, kutoa kopi kitabu kizima na kuuza kasida kwenye memori kadi inafaa?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Nna kiduka cha fotokopi hapa Wete. Wanafunzi wananiletea vitabu vya dini niwatolee kopi kizima, na watu nawajazia kasida na mawaidha kwenye memori kadi kwa pesa. Jamaa ananambia elimu ya dini haina mwenyewe. Kweli?

JAWABU: Waalaykumu salaam mwanangu, na Allah akulipe kwa kuuliza, maana wengi wanafanya na hawaulizi.

Huyo jamaa kachanganya. Elimu hairuhusiwi kufichwa, na Mtume (s.a.w.) katutisha kwamba anayeulizwa elimu akaificha atavishwa hatamu ya moto, lakini kutoficha elimu ni kitu kimoja na kuchukua jasho la mtu ni kitu chengine. Namjua ustadhi mmoja hapa Unguja kakaa miaka anatarjumu usiku baada ya darsa, kakopa pesa za kupiga chapa, siku ya pili anakuta kitabu chake kinauzwa kopi nusu bei, na deni lile bado liko shingoni mwake, sasa huyo kaficha elimu au sisi ndo tumemdhulumu? Allah kasema msiliane mali zenu kwa batili ila iwe biashara ya kuridhiana (Nisaa 29). Na wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi (baraza la kimataifa la sharia ya Kiislamu) walokutana Kuwait 1988 walipitisha kuwa haki ya mtunzi ni mali inayolindwa na sharia, haifai kuivamia. Serikali yetu ya Zanzibar nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003.

Sasa usije ukajibana ukaona kila kitu haramu. Mwanafunzi akitaka kurasa mbili tatu za kusomea, mtolee. Khatibu akinukuu maneno akamtaja mwenyewe, hapana tabu. Barzanji alofariki karne ya 18 hadai kitu, soma maulidi yake utakavyo, ila kikundi kilichokwenda studio kikairikodi, ile rikodi ni yao. Na mawaidha, sheikh mwenyewe akisema sambazeni basi sambaza, lakini kusambaza bure sio kuuza, kwa hilo muulize.

Lililonitia hofu kwako ni hizo pesa za nyuma. Hii ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzio, istighfari peke yake haitoshi. Vikundi vingi vya kasida viko hapahapa Pemba na Unguja, wapigie simu, waambie ulichofanya, wakikusamehe alhamdulillahi, wakitaka chao wape hata kidogo kidogo. Usiyempata kabisa baada ya kumtafuta, mtolee sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea haki yake bado ipo.

Na hizo memori kadi ulokwisha kuzijaza usiziuze kwanza mpaka wenyewe wakujibu. Wallahu aalam.